Chuo cha Upande wa Pili wa Kamba

Mzee Hosea Tolliver alikuwa hagusi chungwa. Si kwamba lilimdhuru. Bi Ozella wa zahanati alishamwambia mara nyingi kwamba chungwa lingemfaa kuliko ile pai ya viazi vitamu aliyokuwa akiificha nyuma ya mtungi wa chai ya barafu. Alilikataa kwa sababu ya rangi yake. Pale Cato Springs, kusini mwa Alabama, mtu huzaliwa mwekundu au wa chungwa kwa kufuata timu ya mpira wa Kimarekani ya chuo kikuu ambayo wazazi wake wanashangilia, na mzee Hosea alizaliwa mwekundu. Hakuwahi kusoma katika chuo hicho hata siku moja. Maisha yake yote aliendesha basi la shule. Lakini kibaraza chake kilikuwa chekundu, gari lake jekundu, na kila Oktoba watu walipoweka maboga milangoni, yeye ya kwake aliyapaka chokaa kwanza.

Basi, Mungu akampa mtu wa namna hiyo binti mmoja, Lavonne, na binti huyo akataka kusoma.

Lavonne alikuwa amevuka arobaini. Alikuwa muuguzi katika hospitali kubwa ya wilaya, mwendo wa saa nzima kwa gari, na tangu ndoa yake ivunjike alikuwa akiishi katika kijumba kilichokuwa nyuma ya nyumba ya baba yake. Kwa miaka mingi alikuwa na ndoto moja tu, nayo haikuwa ya kwenda mbali. Alitaka kuwa muuguzi mtaalamu wa familia, yule anayempima mtu, anayeutambua ugonjwa na kuandika dawa, anayemtibu bibi na mjukuu katika chumba kimoja. Cato Springs ilikuwa na mtaalamu mmoja tu wa aina hiyo, Bi Ozella Purifoy. Daktari wa mjini alikuwa akipitia kazi yake kutoka mbali, lakini mlango wa zahanati aliufungua yeye kila asubuhi. Na magoti ya Bi Ozella yalikuwa yamechoka.

"Nikiona mtu wangu anajifunza hapa ndani, nitavumilia mpaka amalize," alimwambia Lavonne majira ya kuchipua, wakiwa wanapanga chanjo kwenye friji. "Nisipomwona, Krismasi ya mwaka huu ndiyo ya mwisho. Nafunga mlango naenda kwa mwanangu kule Mobile, nikakae niangalie maji."

Lavonne alijua maana ya mlango ule kufungwa. Watu wangeanza kuendesha saa nzima kwenda kupimwa sukari, na watu wa Cato Springs hawaendeshi saa nzima kwa ajili ya jambo lisilouma. Wangengoja liume. Yeye ndiye aliyekuwa akiwapokea hospitalini wakiwa wameshangoja mpaka likauma, na alikuwa amechoka kuwapokea hivyo.

Basi akaanza kutafuta chuo. Masomo hayo siku hizi hutolewa kwa mtandao, mtu akasoma jikoni kwake huku kunde zinachemka, na vyuo vya kuyatoa ni vingi kama mbu wa Julai. Mchagua jembe si mkulima, lakini mchagua chuo asiyechagua vizuri atajuta kwa miaka mitatu, na Lavonne alilijua hilo. Kosa lake la kwanza lilikuwa kujaza jina na namba ya simu katika tovuti moja yenye picha ya muuguzi anayecheka mbele ya kompyuta. Tangu siku hiyo simu haikupoa. Kijana mmoja aitwaye Brayden, mwenye sauti ya sukari guru, alipiga kila jioni wakati wa chakula kumwambia kwamba nafasi zinakwisha. Hapakuwa na mtihani wa kuingia, angeweza kuanza mwezi wowote, angeweza kuanza hata kesho. Lavonne akamwuliza swali moja tu: mazoezi ya kutibu wagonjwa atayafanya wapi, na nani atamtafutia mlezi wa kumsimamia? Brayden akasema chuo chao kinaamini katika uhuru wa mwanafunzi. Maana yake jitafutie mwenyewe.

Jioni iliyofuata simu ilipolia, mzee Hosea aliichukua. Alimweleza Brayden jinsi ya kupika majani ya kolad, mboga ndugu wa sukuma wiki, kuanzia kwenye mbegu. Alimweleza habari za mchanga, za baridi ya kwanza, za shingo ya bata mzinga inavyotakiwa kulowekwa, na kila kijana wa watu alipotaka kuaga, mzee alimwambia asubiri, hajafika kwenye siki. Brayden hakupiga tena, na kile chuo kikajiondoa chenyewe.

Swali lile la mlezi hakulitunga Lavonne. Alifundishwa na Bi Ozella. "Usiwaulize wana walimu gani," alimwambia. "Wote watakuambia wana walimu wazuri. Uliza nani atakayepokea simu siku mlezi wako amevunjika mguu na wewe umebakiza nusu ya saa zako za mazoezi. Asipokuwepo mtu mwenye jina lake, kimbia."

Vikabaki vyuo viwili, na hapo ndipo shetani alipovuta kiti akakaa. Kimoja kilikuwa chuo kikuu chekundu. Cha pili kilikuwa cha rangi ya chungwa.

Chuo chekundu kilikuwa kizuri, hakuna wa kubisha. Masomo yake yalisifiwa jimbo zima. Lakini wanafunzi wake kilikuwa kikiwapeleka kufanya mazoezi katika kliniki zake chenyewe, mjini, saa tatu kutoka Cato Springs, siku kadhaa kila wiki. Lavonne angelazimika kupanga chumba huko, na zahanati ya Bi Ozella haikuwamo katika mpango wao, wala hawakuwa tayari kuiingiza. Alipouliza, alijibiwa kwa adabu kabisa kwamba utaratibu ndio huo.

Kwa wale wa chungwa, simu ilipokewa na mama mmoja aliyejitambulisha kuwa Profesa Delphine Arceneaux. Mama huyo aliuliza zahanati iko barabara gani. Kumbe alikuwa anaijua barabara. Akasema Bi Ozella anatosha kuwa mlezi kwa sehemu kubwa ya mazoezi, na kwa wajawazito na watoto wachanga ofisi yake yenyewe ingemtafutia nafasi katika kituo cha afya cha wilaya. Chuoni angefika mara mbili tu, kuonyesha kwa mikono yake alichojifunza. "Na mlezi akivunjika mguu," Lavonne akauliza, "nampigia nani?" Profesa akacheka, akampa namba yake ya mkononi. Lavonne alikata simu akazunguka jikoni mara mbili akicheza peke yake na kijiko mkononi. Kisha akaona kupitia dirishani kibaraza chekundu cha baba yake, akakaa chini.

Aliomba vyuo vyote viwili, kwa kujidanganya kwamba huenda kimoja kingemkataa na kumwondolea mzigo. Chekundu kilikubali kwanza. Ilikuwa Jumamosi moja ya Septemba, na furaha ikamponyoka. Alivuka ua na simu yake, akasema, "Baba, Wekundu wamenikubali," ambayo ilikuwa kweli tupu. Hakusema kwamba atakwenda huko, lakini nani humsikiliza mtu mpaka mwisho?

Kesho yake kanisani, ulipofika wakati wa ushuhuda, mzee Hosea alisimama. Watu wakageuka, maana mara ya mwisho kusimama pale ilikuwa siku ya maziko ya mkewe. Alishika kiti kilichokuwa mbele yake akasema kwamba alipokuwa kijana, chuo kile kilikuwa hakimpokei mtu mweusi kama yeye hata kufagia ukumbi, na yeye akakishangilia hivyo hivyo kwa redio, kwa sababu alisema siku moja kitakuja kuwa chake. Sasa binti yake anaingia kwa mlango wa mbele. Kisha machozi yakamzidi akakaa. Mpiga kinanda akagonga, kanisa zima likainuka, hata wale wa chungwa walipiga makofi. Lavonne alipiga makofi pia. Moyo wake ulikuwa umemshuka mpaka kwenye soksi.

Wale wa chungwa walimkubali Jumanne. Vyuo vyote viwili vilitaka jibu lake kabla ya Jumapili inayofuata Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba, na Lavonne akafanya wanavyofanya watu wazima wenye akili zao. Hakusema kitu.

Wiki zikapita na zawadi zikaja. Mwanakwaya mmoja alimletea sare nyekundu za kiuguzi. Mwingine alimletea birika jekundu la kahawa. Mzee Hosea alikuwa ameagiza kitu kwa posta, hataki kusema ni nini, na kila gari la posta lilipopita alitoka kibarazani. Lakini kulikuwa na jambo. Presha yake ilianza kupanda. Bi Ozella alimpima na kumpima tena, akamtazama juu ya miwani.

"Hosea, unakula nini?"

"Ninakula ulichoniandikia."

"Unakula bekoni."

"Tangu Septemba sijaonja bekoni. Naapa kwa timu."

Kiapo hicho hakikuwa cha mchezo, na Bi Ozella alikijua. Yeye mwenyewe alikuwa wa chungwa damu, na kwa miaka mingi wawili hao walikuwa na mkataba kwamba mkono ukiwa ndani ya kitambaa cha presha, mpira haujadiliwi, kwa kuwa unaharibu kipimo. Nje ya hapo walitukanana kwa raha zao. Alimwongezea dawa, presha ikakataa kushuka. Akamwita Lavonne pembeni, akamwambia kwamba baba yake ana kitu kinachomla na si chumvi.

"Ni mimi," alisema Lavonne, na ndipo akamweleza Bi Ozella yote. "Lazima amehisi. Nikimwambia ukweli atapasuka."

Bi Ozella alikaa juu ya kiti cha wagonjwa, akayashika magoti yake. Uso wake ulijaribu kuwa wa huzuni, ikashindikana, kwa maana alikuwa amesikia kwamba mtu wake amepatikana, tena kwa chuo chake mwenyewe. "Nisingependa niwe mimi sababu," alisema hatimaye. "Lakini mficha uchi hazai, Lavonne. Mwambie kabla mechi haijaisha. Ikiisha, wewe unajua, mmoja kati yangu na baba yako atakuwa hasikii kitu kwa wiki mbili."

Mechi aliyokuwa anaisema ni ile ya Jumamosi baada ya Sikukuu ya Shukrani, Wekundu dhidi ya wa Chungwa, siku ambayo Cato Springs hakuna anayefunga ndoa na hakuna anayezikwa. Kila mwaka huchezewa, kwa maana ya kutazamwa, uani kwa mzee Hosea. Televisheni hutolewa kibarazani. Kamba hufungwa kuanzia nguzo ya banda la gari hadi kwenye mti wa pekani, wekundu wakakaa upande wa nyumba, wa chungwa upande wa barabara. Dada wa mzee Hosea, Vernell, aliolewa na mtu wa chungwa akageuka, na tangu hapo kaka yake humkaribisha kwa upendo wote, ila ng'ambo ya kamba. Chakula peke yake hakina timu. Mbavu, makaroni ya jibini, kolad na mkate wa mahindi hupita juu ya kamba bila pasipoti.

Katikati ya kamba huwa na meza, na hiyo meza ni ya Lavonne. Aliianzisha mwaka ule mjomba Lucius alipoanguka na sahani mkononi wakati wa mapumziko, akafa kabla gari la wagonjwa halijafika. Mwaka uliofuata Lavonne alikuja na mashine ya presha, akatangaza kwamba hakuna atakayepata pai kabla ya kupimwa. Walimcheka, wakapanga foleni. Sasa imekuwa desturi: yakifika mapumziko, pande zote mbili hukutana kwenye meza ile, mikono imekunjuliwa, na hapo tu ndipo mwekundu na wa chungwa hukaa kiti kimoja, mmoja akitoka mwingine akiingia. Lavonne huwafahamu kwa mikono yao. Anajua nani ameacha dawa kwa sababu zinamkojoza, nani anasema hanywi na anakunywa.

Jumamosi hiyo hali ya hewa ilikuwa nzuri ajabu na Lavonne hakuiona. Kipindi chote cha kwanza alisimama mezani akipanga vitu vilivyokwishapangwa. Wekundu walikuwa wanaongoza kwa pointi chache. Mzee Hosea, ambaye siku kama hiyo huwa anapiga kelele mpaka mbwa wa jirani wanajibu, alikuwa amekaa kimya na kofia yake nyekundu magotini. Vernell alimchokoza mara mbili kutoka ng'ambo, akaambulia kupungiwa mkono tu. Mapumziko yakafika, foleni ikapangwa, na kama kawaida mwenye ua alisubiri wageni wote wapite. Wakabaki yeye, Lavonne, na Bi Ozella aliyekuwa amevuta kiti upande wake wa kamba, akijifanya anakula pai.

Mashine ilivuta, ikapumua, ikaonyesha. Namba ya juu ilikuwa mia moja na sabini na kitu. Lavonne aliitazama namba ile na hofu ikamkamata, na papo hapo akajua kwamba hawezi kuendelea kumpima mtu kwa ugonjwa ambao anadhani ameuleta yeye mwenyewe.

"Baba," alisema, "siendi kwa Wekundu. Nimekubaliwa na wa Chungwa, na huko ndiko ninakotaka kwenda. Nilipaswa kukuambia tangu siku ile kanisani. Nilikuona unalia nikashindwa."

Bi Ozella aliacha kutafuna. Mzee Hosea alimtazama binti yake, akaitazama kamba, akamtazama Bi Ozella. Kibarazani bendi ya chuo ilikuwa inapiga tarumbeta kwenye televisheni.

"Kwa Wekundu ungekaa mjini," alisema mzee hatimaye. Hakuwa anauliza.

"Ningekaa mjini. Muda mwingi."

"Na huko kwa hawa?"

"Nitasomea pale jikoni kwangu. Mazoezi nitafanya kwa Bi Ozella, na kituo cha wilaya. Nitakwenda chuoni mara mbili tu."

"Kwa hiyo huhami."

"Sihami, Baba. Nilikuwa natafuta chuo ambacho hakitanihamisha. Hiki ndicho nilichokiona."

Mzee Hosea aliinua kofia yake, akaitazama ndani kana kwamba kuna kitu kilichoandikwa. Kisha akaanza. Alisema hajapata kuona. Alisema babu yake angefufuka. Alisema kompyuta yenye rangi ile haitaingia sebuleni mwake, itaishia jikoni, na siku walimu wakitokea kwenye kioo yeye atawatupia taulo la vyombo. Alimwambia Bi Ozella kwamba yeye ndiye aliyepanga yote, kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na kwamba miaka yote hii alikuwa anampelekea mkono kumbe anampelekea na mtoto. Aliyasema yote hayo bila kupandisha sauti, huku mkono wake umelala juu ya meza, kitambaa cha presha kingali kimeuzunguka.

"Umemaliza?" aliuliza Bi Ozella.

"Sijamaliza."

"Basi pumzika kidogo, utaendelea. Miguu chini, usiipishanishe. Mgongo kwenye kiti. Mdomo ufungwe." Aliyasema kwa sauti ile ya zahanati, na mzee Hosea akatii, kwa kuwa mwili wake ulikuwa umezoea kuitii sauti hiyo kuliko sauti ya mchungaji. Wakakaa. Watu waliokuwa karibu nao wakanyamaza pia, maana Cato Springs mtu akipimwa mara mbili, jambo limekuwa zito. Bi Ozella alipotosheka, akamtikisia Lavonne kichwa.

Lavonne alibonyeza. Mashine ilivuta, ikapumua. Akaisoma namba, akaona amekosea, akaisoma tena. Ilikuwa imeshuka mpaka mahali ambapo haikuwa imefika tangu Septemba.

"Mashine mbovu," alisema mzee Hosea.

Bi Ozella hakubishana naye. Aliinuka na magoti yake mabovu, akainama chini ya kamba, akavuka akaja upande mwekundu, jambo ambalo uani pale halijawahi kutokea kabla ya mwisho wa mechi. Akampima kwa njia ya zamani, kwa kujaza kitambaa kwa mkono na kusikiliza kwa masikio yake. Alipomaliza alivua stetoskopu akaining'iniza shingoni.

"Mashine nzima," alisema. "Hosea, mdomo wako unatukana na mkono wako unacheka. Ulikuwa unaogopa ataondoka."

Mzee Hosea alijikuna chini ya kidevu. Aliposema, alimwambia Lavonne peke yake, kwa sauti ndogo.

"Kaka yako alisema anakwenda Houston mwaka mmoja, hajarudi mpaka leo. Mama yako akaondoka. Nilisimama kanisani nikafurahi kweli, usidhani nilidanganya. Kisha nikarudi nyumbani, nikaona taa ya jikoni kwako, nikasema, Hosea, hiyo nayo umeizima mwenyewe kwa makofi. Sasa ningekwambiaje usiende? Mtu anakwenda kwa Wekundu, halafu baba yake mwekundu anamwambia asiende?"

Lavonne alicheka. Alikuwa ametayarisha machozi ya kila aina kwa ajili ya siku ile na hakuna hata moja lililofaa, basi akacheka mpaka akaegemea meza, na baba yake akaanza naye, mabega yakimtikisika, na Vernell kutoka ng'ambo ya kamba akaanza kuuliza kuna nini, nani kafa. Wiki zote zile baba na binti walikuwa wamekaa ua mmoja, kila mmoja akimficha mwenzake habari njema. Ukoo wa Tolliver una vichwa vigumu, wala hawajapata kulikana hilo.

Timu zilikuwa zinarudi uwanjani. Mzee Hosea alivua kitambaa cha presha mwenyewe, akakikunja vizuri.

"Jibu lao linatumwa wapi?"

"Kwenye simu. Nabonyeza tu."

"Bonyeza sasa hivi, tukiwa bado tunaongoza. Wakitufunga nitakuwa mtu mwingine, na huyo mtu simdhamini."

Lavonne alitoa simu. Akabonyeza mara ya kwanza hewani, mara ya pili sawasawa. Kwenye kioo likatokea neno la kumkaribisha, lenye rangi ya chungwa kutoka ukingo hadi ukingo. Mzee Hosea alifumba jicho moja. Bi Ozella, mwanamke ambaye watu walimwogopa kuliko sindano zake, alifuta macho kwa kitambaa cha pai na kusema kwamba ni moshi wa mbavu.

Wekundu walishinda. Ilikuwa kwa tundu la sindano, lakini walishinda, na uani kukawa na vurugu ambayo majirani wataisimulia wenyewe. Mzee Hosea aliinuka, akavaa kofia yake, akaenda hadi kwenye kamba na kuwatazama watu wa chungwa walivyoketi vichwa chini.

"Lavonne," aliita, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "umechagua vema. Wale watu wanahitaji muuguzi, tena leo leo."

Hata Vernell alicheka, ingawa alimrushia mfupa. Kisha kamba ikafunguliwa, kama kila mwaka, na watu wakaanza kukusanya sahani. Mzee Hosea aliingia ndani, akatoka na kile kifurushi kilicholetwa kwa posta. Akamwekea Lavonne mezani, kati ya mashine na mabaki ya pai, akasimama mikono nyuma.

Ilikuwa stetoskopu. Mpira wake ulikuwa mwekundu, ule wekundu hasa wa kibaraza, na kwenye kile kichwa cha chuma palichongwa jina la Lavonne Tolliver.

"Niliinunua kwa ajili ya kule," alisema mzee. "Nilifikiri kuirudisha. Lakini sikiliza vizuri, na wewe, Ozella, uwe shahidi. Akasomee anakotaka. Watoto wa watu atawasikiliza kwa chochote atakachopenda. Ila moyo wangu mimi hausikilizwi na kitu cha rangi nyingine."

Lavonne aliivaa masikioni. Alimkalisha baba yake kwenye kiti cha mezani, akaweka chuma juu ya shati, Bi Ozella akamsogeza mkono kidogo kushoto, akamwambia hapo, shati siku zote lifunguliwe kwanza, na usiharakishe. Mzee Hosea akafungua vifungo viwili. Alifumba mdomo bila kuambiwa, na Lavonne akainama kusikiliza.

"Unasikia nini?" aliuliza Bi Ozella.

"Moyo uko sawa," alisema Lavonne. "Na leo amekula bekoni."